Kwa Nini Bwana Mifugo Ataka Kichwa cha Ng'ombe

Wafugaji wengi wa Kitui na Makueni hushangaa Bwana Mifugo anapokuja kumtazama ng'ombe aliyekufa kwa kichaa, kisha akaomba kichwa. Wako wanaodhani ataka kitoweo. Atakacho ni ubongo, kwa kuwa yako maradhi yasiyoweza kujulikana kwa yakini mpaka ubongo upimwe.

Ng'ombe akiyumba, akitokwa na mate mengi, akilia kwa sauti iliyokauka, au miguu ya nyuma ikilegea, mwenyewe huwa na sababu tele: amekula sumu, amerogwa, amekwamwa na kitu kooni. Na ni kweli kwamba ndigana kali huweza kupanda kichwani, na maji-moyo huwafanya mbuzi wazunguke na kuanguka. Lakini dalili hizo ni za kichaa cha mbwa pia, na hicho ndicho cha kushukiwa kwanza huku kwetu. Ng'ombe huumwa na mbwa malishoni pasipo mtu kuona, jeraha likapona, na baada ya majuma au miezi ugonjwa ukazuka. Hapo hana dawa tena. Mara nyingi hufa kabla ya siku 10. Kosa la hatari ni kudhani amekwamwa. Mtu humfungua kinywa, akatia mkono kutafuta gunzi, na mate yakaingia katika mikwaruzo ya vidole vyake.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa kandokando ya Nairobi. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo 2030, na Makueni na Kitui ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza. Yatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Lakini chanjo ipelekwe wapi kwanza? Ng'ombe aliyezikwa kimya kimya hawezi kutuonyesha.

Uko na ugonjwa wa ng'ombe kichaa, ambao ni mwingine kabisa. Ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, na ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuwa nao huko. Ubongo huoza vitundu vitundu kama sifongo. Waliupata kwa kulishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba watu pia wameambukizwa. Kuchemsha hakuuui. Hukaa mwilini miaka minne au mitano kabla ya kuonekana, kwa hiyo nchi haiwezi kusema "hatunao" kwa kutazama makundi malishoni tu. Wanunuzi wa nyama ng'ambo huuliza: mmepima bongo ngapi? Basi kichwa kimoja huweza kujibu maswali mawili.

Wakati wa ukame mkulima hushawishika kumpa ng'ombe chochote kilichomo ghalani. Asimpe chakula cha kuku wala cha nguruwe, maana huenda kimetiwa unga wa nyama au mifupa.

Mnyama akionyesha dalili, mtenge, usimkame, usimchinje, na upeleke habari kwa Bwana Mifugo au kwa chifu siku hiyo hiyo. Joto letu huharibu ubongo upesi, na safari ya kwenda maabara ya Kabete ni ndefu hata kichwa kikiwekwa katika barafu. Usikipasue kwa shoka; mtaalamu mwenye glavu aweza kutoa kipande kinachotakiwa kwa kupitia tundu la nyuma, shingo inapoungana na fuvu. Mzoga hufukiwa katika shimo refu mbwa wasikofika. Na aliyeguswa na mate yake aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali apate sindano, asingojee jibu la Kabete.