Kitenge cha yadi sita, mikoba tisa

Kitenge cha yadi sita kina urefu wa karibu mita tano na nusu, na upana wake hufika sentimita 115. Mkoba wa bega wenye mdomo wazi, ule unaomeza kompyuta, kanga na chupa ya maji, unahitaji vipande viwili vya sentimita 57 kwa 47, ambavyo hukaa sambamba kwenye upana wa kitambaa bila kupoteza kitu. Ukanda wa sentimita 10 unaofuata unatosha mikono yote miwili. Fundi anayepima kabla ya kushika mkasi hutoka na mikoba tisa, na kipande cha kushonea mifuko ya ndani kinabaki. Anayekata kwa kubahatisha hupata saba, na faida yake hufagiliwa jioni pamoja na vipande.

Hata hivyo, kitambaa si gharama kubwa ya kazi hii. Mteja wa Kariakoo au Gikomba huja na picha kwenye simu: Book Tote ya Dior, iliyotoka mwaka 2018, au mkoba wa Marc Jacobs wenye herufi nene ubavuni. Kinachomvutia, akijua asijue, ni kwamba mkoba ule ukiwekwa mezani unasimama wenyewe. Kitenge kitupu hakisimami. Kusimama kunatoka ndani: kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, bitana, pembe za chini zilizoshonwa kwa kukatiza ili mkoba upate kitako, na mikono iliyokunjwa mara nne kisha ikapigwa mshono wa msalaba pale inaposhikana na mwili. Cherehani ya kawaida ya mguu inaiweza kazi hiyo, mradi sindano iwe namba 16 au 18, na fundi azungushe gurudumu kwa mkono panapokutana matabaka mengi. Hapo ndipo saa zinapokwenda, na saa hizo ndizo mafundi wengi hawazitii kwenye bei. Hujumlisha kitenge, uzi na bitana, wakaongeza kidogo, basi.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilitarajiwa kuwanufaisha moja kwa moja. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Nafasi ya rambo, hata hivyo, ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa na mifuko ya bei ya chini inayotoka kiwandani, na hakuna fundi wa cherehani anayeweza kushindana na mashine kwenye bei hiyo. Alichopata ni tabia mpya ya wanunuzi. Watu walizoea kutoka nyumbani na mfuko mkononi, na mwenye mazoea hayo hachelewi kutaka ulio mzuri.

Suala la kuiga halina upande mmoja. Mkoba wa turubai wa L.L.Bean, ambao wabunifu wengi wameurudia, ulitoka Marekani mwaka 1944 kwa ajili ya kubebea barafu. Katika mitindo yao ya mwaka 2007 Louis Vuitton walipandisha jukwaani begi la miraba lile lile ambalo wasafiri wetu huliita shangazi kaja. Miaka kumi baadaye Balenciaga wakauza kwa dola 2,145 mkoba wa ngozi uliofanana mno na mfuko wa buluu wa Ikea, uliokuwa ukiuzwa senti 99. Kwa hiyo anayeazima umbo la mkoba wa kawaida hana sababu ya kuona haya. Jina na nembo ni jambo jingine. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, na nchini Tanzania kazi ya kupambana nazo iko mikononi mwa Tume ya Ushindani. Hata sheria isingekuwapo, ningesema ni biashara mbovu: mkoba ulioandikwa Dior kwa uongo hupimwa bei na mikoba bandia iliyoletwa kwa kontena, na hapo fundi ameshashindwa.

Nairobi imeonyesha njia nyingine. Kwa miaka kadhaa mbunifu wa mitindo Vivienne Westwood aliagiza mikoba iliyoshonwa huko, mingine kwa turubai kuukuu na mabango ya matangazo yaliyotumika, kupitia mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa. Oda za namna hiyo hudai mkoba wa mwisho ulingane na wa kwanza.

Hilo ndilo linalowaangusha mafundi kwenye oda kubwa za hapa nyumbani, za semina na harusi. Mikoba 200 iliyogawanywa kwa mafundi wanne hurudi katika saizi nne, isipokuwa kila mmoja amepewa vipimo vilivyokatwa kwenye boksi gumu. Boksi halina gharama. Kinachogharimu ni kungoja: mteja wa harusi hulipa nusu mapema, lakini ofisi hutaka kupokea mzigo kwanza na kulipa baadaye, huku kitenge cha oda nzima kimenunuliwa kwa fedha ya fundi.