SANTURI ILIYOWAHI KABLA YA MSIBA

Msomaji aliye na santuri nyumbani huenda akadhani kuwa hizo ni za kumburudisha tu baada ya kazi. Lakini ziko santuri zenye thamani kama ya hati iliyotunzwa vyema. Mojawapo ilitiwa sauti mjini Vienna, nchi ya Austria, siku ya Jumapili, tarehe 16 Januari, 1938.

Muziki wenyewe ni Simfonia ya Tisa ya Gustav Mahler. Simfonia ni utungo mrefu, kwa kawaida usio na maneno, unaopigwa na kundi kubwa la watu wenye fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, nao humfuata kiongozi mmoja mwenye kijiti mkononi. Mahler aliianza simfonia hii mwaka 1909, miaka miwili baada ya kufiwa na binti yake mkubwa na kuambiwa na madaktari kuwa moyo wake ni mgonjwa. Alifariki mwezi wa Mei, 1911, asiwahi kuisikia ikipigwa. Mwaka uliofuata Bruno Walter, rafiki yake aliyekuwa zamani msaidizi wake, aliiongoza kwa mara ya kwanza, papo hapo Vienna.

Robo karne baadaye Walter alisimama tena mbele ya Vienna Philharmonic, katika ukumbi wa Musikverein. Kiongozi wa wapiga fidla alikuwa mzee Arnold Rosé, shemeji yake Mahler, aliyeingia kazi hiyo mwaka 1881. Mafundi kutoka Uingereza walikuwa wamekwisha kuweka mitambo yao. Kazi haikuwa rahisi, kwa maana upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika 4 hivi tu, na muziki haukusimama kuwangojea. Sauti ilichorwa katika nta, na kosa halikuweza kufutwa. Simfonia nzima ilijaza pande 20. Mna sauti zilizokosewa hapa na pale, na hata vikohozi vya wasikilizaji vimo.

Haikupita miezi miwili. Tarehe 12 Machi majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Walter na Rosé walikuwa Wayahudi. Walter, ambaye alikuwa ameondoka Ujerumani mwaka 1933 kwa sababu hiyo hiyo, alihamia Ufaransa na kisha Marekani. Rosé aliachishwa kazi baada ya zaidi ya nusu karne. Alikimbilia London, akafariki huko mwaka 1946. Binti yake Alma, naye mpiga fidla hodari, alifia katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944.

Mwaka 1961 Walter aliitia simfonia hiyo katika santuri tena, huko California. Sauti ni safi zaidi na mwendo ni wa taratibu. Hata hivyo wapenzi wa muziki hawakuiacha ile ya kwanza, maana ndani yake wamo watu ambao hawakukutana tena. Mwishoni fidla hufifia kidogo kidogo mpaka kimya.

Lau mafundi wale wangaliahirisha kazi yao kwa miezi miwili tu, isingalifanyika kamwe. Wahenga walisema kweli: liwezekanalo leo lisingoje kesho.