Mbwa wa stoo akishapasuliwa goti, kazi humwangukia aliyebaki nyumbani

Katika miji ya mpakani, kuanzia Namanga na Holili hadi Busia, Malaba na Mutukula, mbwa ni sehemu ya biashara. Mwenye stoo ya nafaka au ya mitumba anapovuka kwenda kufuata mzigo na kulala siku tatu upande wa pili, nyuma huacha kufuli, mlinzi na mbwa. Kati ya vitatu hivyo, mbwa ndiye asiyesinzia.

Kwa hiyo asubuhi mbwa huyo anapoonekana amekunja mguu mmoja wa nyuma, akigusisha ncha za vidole tu chini, jambo hilo linagusa mfuko. Wengi hudhani amechomwa na mwiba au amepigwa jiwe usiku. Hungojewa siku nne, tano, mguu unarudi chini kidogo, watu wanasema amepona. Baada ya wiki mbili anachechemea tena, na sasa akikaa anautupa mguu huo pembeni badala ya kuukunja chini ya mwili.

Mara nyingi kilichokatika ni ligamenti ya ndani ya goti, ile ile inayowaweka nje wanasoka kwa msimu mzima. Tofauti ni kwamba mchezaji huumia kwa tukio moja, lakini kwa mbwa kano hiyo huchakaa polepole kama kamba ya turubai inayosuguliwa kila siku, hadi siku inaachia kwa mruko mdogo tu. Mbwa wakubwa kama Rottweiler na Labrador ndio wanaokumbwa zaidi, na unene huharakisha mambo. Bila kano hiyo, mfupa wa muundi huteleza mbele kila mbwa anapokanyaga, na goti linaanza kujila lenyewe.

Mbwa mdogo, wa chini ya kilo 15 hivi, anaweza kurudi katika hali nzuri kwa kupumzishwa na kupunguzwa uzito peke yake. Mbwa wa stoo ni nadra kuwa na umbo hilo. Kwake daktari atazungumzia upasuaji, na njia ziko zaidi ya moja. Ya zamani ni kulishikilia goti kwa nje kwa uzi mnene wa nailoni, mfano wa mshipi wa mvuvi. Nyingine, inayojulikana kwa herufi TPLO, iliandikwa mwaka 1993 na daktari wa Marekani, Barclay Slocum, pamoja na mwenzake: kichwa cha mfupa wa muundi hukatwa, kikazungushwa, kisha kikafungwa kwa bamba la chuma na skrubu ili mfupa usiteleze tena hata kama ligamenti haipo.

Huduma hii haipatikani katika kila mji, na hapo ndipo mpaka unapoingia. Mwenye mbwa aliyeko Namanga yuko kilomita zipatazo 160 kutoka Nairobi, na wa Busia yuko karibu zaidi na Kampala kuliko na Nairobi. Vyuo vyenye shule za utabibu wa mifugo, yaani Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, Makerere mjini Kampala na Sokoine mjini Morogoro, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza nani anapasua magoti na kwa njia ipi.

Ila mbwa havuki kama gunia la mchele. Soko la pamoja la Afrika Mashariki limerahisisha safari ya mtu na bidhaa zake, lakini mnyama hubaki chini ya sheria za afya ya mifugo za kila nchi. Hutakiwa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali wa anakotoka, na kibali cha kuingizwa anakokwenda. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutakiwa iwe na takriban mwezi mmoja, kwa hiyo mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa hawezi kuchomwa leo akavuka kesho. Wapo wanaopita njia za panya, wakijiambia ni mbwa tu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na hiyo ndiyo sababu afisa wa kituo cha pamoja hapokei utani kwenye karatasi hizo.

Fedha zikishalipwa na nyuzi zikishashonwa, watu wengi huhesabu kazi imekwisha. Madaktari huhesabu kinyume: meza ya upasuaji ni saa chache, nyumbani ni wiki nane hadi 12, na ni huko goti linakoponea au kuharibikia. Mfupa uliokatwa unahitaji muda huo kuungana. Bamba na skrubu vimewekwa kuushikilia wakati ukiungana, havikuwekwa kubeba mbwa wa kilo 40 anayerukia geti.

Matatizo huanza safarini. Mbwa hawezi kurudishwa nyuma ya pikapu akiwa amesimama, seuze kwenye bodaboda. Alazwe kwenye godoro au mablanketi, akishushwa abebwe na watu wawili, mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Siku za mwanzo, akitoka kujisaidia, khanga iliyokunjwa na kupitishwa chini ya tumbo humsaidia aliyemshika kubeba sehemu ya uzito wa nyuma. Uvimbe hupunguzwa kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku katika siku mbili tatu za kwanza. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na mpaka hapo ile kola pana ya shingoni haivuliwi kwa kumwonea huruma. Mbwa akipata dakika tano za kulamba na kutafuna kidonda, anaweza kuzifungua zote.

Chumba chake kiwe kidogo. Sakafu ya marumaru au saruji iliyosuguliwa ni adui; itandikwe mkeka, zulia kuukuu au magunia yaliyoshikiliwa pembeni yasiteleze. Hakuna ngazi na hakuna kupanda kochi. Kumfunga mnyororo uani si kumpumzisha, kwa sababu mbwa wa mnyororo hukimbia hadi mwisho wa mnyororo, akavutwa, akazunguka, akarudia. Kwa goti lenye skrubu hilo ni baya kuliko kutembea.

Kutembea kwenyewe ni dawa, kukifanywa polepole. Mwanzoni ni dakika tano kwa kamba fupi, mara tatu au nne kwa siku, kwa mwendo wa taratibu kiasi kwamba mbwa analazimika kuweka unyayo chini. Akienda mbio atauinua mguu na kukimbia kwa mitatu. Dakika huongezwa kidogo kila wiki kadiri daktari anavyoelekeza. Mazoezi ya kumkalisha na kumwinua yanafuata baadaye, kwa ruhusa.

Wiki ya tatu ndiyo ya hatari. Maumivu yamepungua, kidonda kimefunga, mbwa anabweka, anacheza, anakanyaga. Mwenye nyumba akimwona hivyo humwona amepona, wakati ndani mfupa bado haujashika. Na kwa mbwa wa stoo kuna jaribu la ziada: usiku. Kazi yake ilikuwa kufunguliwa bandani saa mbili na kuachiwa uwanja hadi alfajiri. Mlinzi mwenye huruma, au mwenye woga wa kubaki peke yake, humfungulia kidogo tu. Paka anapita, mpita njia anakohoa nje ya geti, na mbwa anaondoka kwa kasi aliyoizoea. Asubuhi mguu uko juu tena.

Mfanyabiashara anayelala nje mara mbili kwa wiki hawezi kuyasimamia haya kwa simu. Anahitaji mtu mmoja, si watu wanne, aliyekabidhiwa mbwa huyo: ndiye pekee mwenye ufunguo wa chumba, ndiye anayempa dawa na chakula. Maelekezo ya daktari yaandikwe kwa lugha anayoisoma na kubandikwa mlangoni. Ulinzi wa usiku nao utafutiwe mbadala mapema, mbwa mwingine wa kuazima au mlinzi wa pili, kwa muda wa miezi mitatu hadi minne. Gharama hiyo ni sehemu ya upasuaji ingawa haimo kwenye risiti.

Chakula hupunguzwa, robo hadi theluthi, kwa kuwa mbwa asiyefanya kazi hunenepa upesi na kila kilo inalala juu ya goti. Hapa uwanja mzima una hatia: mama lishe anatupa ukoko wa ugali, muuza nyama mifupa, kijana wa kupakia mzigo chapati iliyobaki. Wote waambiwe.

Kwenye dawa hakuna nafasi ya kubahatisha. Daktari atatoa dawa za maumivu za mbwa, kama kaprofeni au meloksikamu, zinazopewa pamoja na chakula. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa la binadamu, ambazo kila stoo inazo kwa ajili ya migongo ya wapakiaji, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake kwa dozi ambayo mtu angeiona ndogo. Panadol nayo isitolewe kwa uamuzi wa nyumbani. Deksamethasoni, sindano inayochomwa ovyo kwa kila mnyama anayechechemea, ikichanganywa na dawa hizo huongeza hatari ya vidonda vya tumbo. Kutapika, kukataa kula au kinyesi cheusi kama lami ni sababu ya kusimamisha dawa na kupiga simu siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha, au mguu uliokwisha kuanza kukanyaga ukiinuliwa ghafla.

Goti la upande wa pili nalo liangaliwe. Kati ya mbwa 10 waliokatika ligamenti ya goti moja, wanne hadi sita hivi huja kukatika la pili, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Uzito ndio kitu ambacho mwenye mbwa anaweza kukigusa.

Kisha kuna safari ya kurudi kwa daktari. Karibu wiki ya nane goti hupigwa picha ya eksirei kuona kama mfupa umeungana, na kabla ya picha hiyo mbwa haachiwi. Aliyepasuliwa upande wa pili wa mpaka atavuka tena, na cheti cha afya cha safari ya kwanza kitakuwa kimekwisha muda wake. Kibali kipya na cheti kipya viombwe kuanzia wiki ya sita, sambamba na kuweka miadi ya eksirei, ili mbwa asije akakaa uani wiki tatu zaidi akisubiri muhuri.