Chati ya Udhibiti: Namna Kiwanda Kinavyobaini Kasoro Kabla Bidhaa Haijafika Sokoni

Mwananchi anaponunua mfuko wa unga wa sembe wa kilo mbili hulipa akiamini mambo mawili: kwamba uzito ulioandikwa ndio uliomo, na kwamba virutubishi vilivyotajwa kwenye mfuko vimo kwa kiasi kinachotakiwa. La kwanza anaweza kulihakiki kwa mzani. La pili hawezi, kwa kuwa madini ya chuma na asidi ya foliki havionekani kwa macho. Imani hiyo hulindwa kwanza ndani ya kiwanda, na mojawapo ya nyenzo za kuilinda ni chati ya udhibiti.

Nyenzo hiyo imetimiza zaidi ya karne moja. Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia katika kampuni ya vifaa vya simu ya Western Electric nchini Marekani, alimwandikia mkuu wake waraka mfupi uliokuwa na mchoro wa kwanza wa aina hiyo. Wakati huo viwanda vilitegemea zaidi ukaguzi wa mwisho, ambapo bidhaa mbovu hutengwa ikiwa tayari imetengenezwa na gharama zimekwisha kutumika. Shewhart alitaka kazi ifuatiliwe ingali inaendelea. Mwaka 1950 Mmarekani mwenzake, W. Edwards Deming, aliifundisha mbinu hiyo kwa wahandisi na wakuu wa viwanda nchini Japani.

Msingi wake ni kwamba hakuna mtambo unaotoa vitu viwili vinavyolingana kabisa. Zipo tofauti ndogo za kawaida, zinazotokana na mambo mengi madogo kama vile unyevu wa nafaka na mtikisiko wa mashine. Zipo pia tofauti zenye sababu maalumu, kama vile kisu kilichobutuka, mzani ulioharibika au fundi mpya asiyeelekezwa. Kazi ya chati ni kuzitenganisha aina hizo mbili.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachofungasha unga wa kilo mbili. Kila nusu saa mfanyakazi hupima mifuko mitano, hutafuta wastani wake na kuweka nukta kwenye chati. Kumbukumbu za siku ambazo mtambo ulikuwa umetulia zinaonesha kuwa wastani huo huzunguka gramu 2,010, na mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha jinsi nukta zinavyotawanyika, ni gramu 2. Mstari wa kati huchorwa kwenye 2,010. Kikomo cha juu na cha chini huwekwa umbali wa mikengeuko mitatu, yaani kwenye 2,016 na 2,004. Mtambo ukiwa umetulia, takriban nukta 3 tu kati ya 1,000 zitaangukia nje ya vikomo kwa bahati. Kwa hiyo nukta ikitoka nje, kazi husimamishwa na sababu hutafutwa.

Si lazima kusubiri nukta itoke nje. Nukta nane mfululizo zikiwa chini ya mstari wa kati ni ishara ya kutosha, kwani jambo hilo ni nadra kama sarafu kurushwa mara nane ikaangukia upande uleule kila mara. Hapo wastani unaweza kuwa bado juu ya gramu 2,000, lakini idadi ya mifuko iliyopungua uzito imekwisha kuanza kuongezeka.

Chati huzuia pia kosa la upande wa pili. Fundi anayerekebisha mtambo kila aonapo mfuko mmoja umezidi au umepungua kidogo huongeza mtawanyiko badala ya kuupunguza, kwa sababu anajibu tofauti za kawaida kana kwamba ni hitilafu. Nukta zikiwa ndani ya vikomo bila mwelekeo wa kutia shaka, mtambo uachwe ufanye kazi.

Kwenye virutubishi, uzito wa jambo ni mkubwa zaidi. Asidi ya foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na huhitajika mapema, mara nyingi kabla mama hajatambua kuwa ni mjamzito. Majibu ya maabara huchukua muda, na unga unaweza kuwa umekwisha kuuzwa. Kwa hiyo kiwanda makini hupima kiasi cha virutubishi kinachodondoshwa na kifaa chake kwa dakika moja, mara kadhaa kwa zamu, na kukiandika kwenye chati. Kifaa kikianza kuziba, mteremko wa nukta huonekana siku hiyohiyo.

Hata hivyo, vikomo vya chati visichanganywe na matakwa ya kiwango. Vikomo hutokana na mwenendo wa mtambo wenyewe, ilhali viwango husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, na usahihi wa vipimo husimamiwa na Wakala wa Vipimo (WMA) chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Mtambo unaweza kutulia kabisa huku ukitoa mifuko pungufu. Hapo kinachohitajika ni kuupanga upya.

Mjasiriamali mwenye mashine moja hahitaji kompyuta ili kuanza. Karatasi ya mirabaraba, kalamu, mzani uliohakikiwa na nidhamu ya kupima kwa wakati vinatosha. Mwananchi, kwa upande wake, anashauriwa kuangalia alama ya ubora ya TBS kabla ya kununua, na kutoa taarifa kwa Wakala wa Vipimo anapobaini kuwa uzito umepungua.