Hema la familia: nafasi ya kuishi, si ya kulala tu

(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia mahali pa kupiga kambi mkiwa na watoto: kivuli, maji, mwelekeo wa upepo, na umbali wa kutoka njia za wanyama. Leo tunaingia kwenye hema lenyewe. Kabla ya kitambaa na nguzo, hata hivyo, naomba tuanze na jua.

Mahema mengi yanayofika kwenye maduka yetu yamebuniwa kwa ajili ya majira ya joto ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Huko Scotland, mwezi Juni, jua huzama karibu saa 4 usiku na mwanga hubaki angani muda mrefu baada ya hapo. Familia inayofika kambini saa 1 jioni ina nafasi ya kusoma maelekezo, kukosea, kubomoa na kuanza upya. Usiku wenyewe ni mfupi, hema ni la kulala tu. Kwetu huku karibu na ikweta, jua huzama saa 12 na kitu jioni mwaka mzima, na baada ya dakika 20 hivi huoni tena kigingi kilichokuponyoka mkononi. Kisha giza linakaa kwa muda wa karibu saa 12, iwe Januari au Julai. Ukitoka Dar es Salaam asubuhi kwenda Mikumi, foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze vikakuchelewesha, utakuta hema lako bado limo mfukoni jua likielekea kuzama. Ndiyo maana wepesi wa kusimamisha hema kwetu si anasa. Na kwa kuwa usiku ni mrefu, hema linapaswa kuwa mahali ambapo watu wanaweza kukaa, kubadilisha nguo na kusimuliana hadithi wakati mvua inanyesha nje.

Tuanze na nafasi. Namba iliyoandikwa kwenye mfuko, “watu 4” au “watu 6”, inahesabu miili iliyolala bega kwa bega, kila mmoja akipewa upana wa sentimita 60 au chini ya hapo. Mabegi hayamo katika hesabu hiyo, wala mtoto anayejigeuza usiku kucha. Usiiamini. Chukua chaki na futi ya fundi, uchore sakafu ya hema sebuleni kwako. Tuseme ni hema la watu 4 lenye upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 2.1. Baba na mama, kila mmoja sentimita 75. Watoto wawili, kila mmoja sentimita 60. Jumla ni mita 2.7, na tayari mtu mmoja yuko nje ya mstari. Urefu nao unadanganya, kwa sababu kuta za mahema mengi huinama kuelekea ndani: mtu wa mita 1.8 akilala kwenye mto, kichwa au miguu yake itagusa kitambaa, na kitambaa kinachoguswa ndicho kinacholowesha mablanketi alfajiri. Familia ya watu wanne inunue hema la watu sita. Wakiwa watano na dada wa kazi au bibi, wafikirie la watu wanane, au mahema mawili.

Urefu wa kwenda juu watu huusahau dukani kwa sababu hema huwa limekunjwa. Tafuta lenye angalau mita 1.8 katikati, ili mtu mzima avae suruali akiwa amesimama. Milango miwili inasaidia sana: anayetoka kwenda chooni usiku asiwakanyage wengine. Na ukumbi wa mbele, hata wa mita moja tu, ndio utakaopokea viatu vya matope.

Hapa nionye jambo moja. Arusha na Moshi kuna mahema mengi ya kukodi yaliyotumika Kilimanjaro. Ni imara kweli, lakini yametengenezwa kwa watu wawili waliochoka, katika upepo mkali, kwa hiyo ni mafupi na membamba. Kuwaweka watoto humo kwa wikiendi nzima ni kuwaadhibu.

Sasa kusimamisha. Kipimo changu ni hiki: mtu mzima mmoja na mtoto wa miaka kumi waweze kulisimamisha peke yao, kwa sababu mzazi wa pili mara nyingi atakuwa na mtoto mdogo mgongoni au yuko jikoni. Hema la kuba lenye fito mbili au tatu zinazopishana juu ndilo rahisi kueleweka, na husimama lenyewe kabla ya kufungwa chini, hivyo unaweza kulibeba na kulihamisha ukigundua jiwe. Angalia fito zinavyoshikwa. Zikipita ndani ya upindo mrefu wa kitambaa, hema huwa imara lakini kazi ni ndefu, na fito ni lazima zisukumwe. Ukizivuta, vipande vinaachana katikati ya upindo kwa sababu ndani kuna mpira tu unaoviunganisha. Vishikizo vya plastiki vinavyobanwa juu ya fito ni vya haraka zaidi, na mtoto anavipenda.

Yapo mahema ya umbo la nyumba ambayo fito zake zimeshafungwa tayari: unakunjua miguu, unaivuta mpaka isikike ikijifunga, na nyumba imesimama kwa dakika chache. Ndani ni pana ajabu. Udhaifu wake ni kuta ndefu zilizonyooka, ambazo upepo wa kusi ukizikuta ufukweni huzisukuma kwa nguvu, na viungo vya plastiki ambavyo vikivunjika porini havina fundi. Pima pia mfuko wake, maana mara nyingi hupita mita moja na hauingii kwenye buti la gari dogo. Hema la umbo la handaki lina nafasi nzuri kwa bei yake, lakini bila vigingi halisimami kabisa; kwenye udongo mweusi wa Serengeti wakati wa kiangazi, ukiwa mgumu kuliko saruji, utatoka jasho. Ya kujazwa upepo kwa pampu ni mepesi kusimamisha na mazito kubeba. Yale ya kurusha hewani yakafunguka yenyewe yanafaa kivuli cha mchana ufukweni, basi.

Swali moja muuza duka aulizwe daima: kipi kinasimama kwanza, hema la ndani au kifuniko cha mvua? Kama ni la ndani, basi mvua ya vuli ikikukuta kazini utalala kwenye dimbwi. Yale yanayosimamishwa yote mawili kwa pamoja yanastahili bei ya ziada.

Kuhusu vigingi, vile vya waya vinavyokuja na hema vinapinda mara moja. Nunua vya chuma kinene kwa ardhi ngumu, na kwa mchanga beba mifuko ya sandarusi: jaza mchanga, funga kamba, uizike. Kigingi kipigwe kikiwa kimeinama, kichwa chake kikitazama mbali na hema.

Uwezo wa kuzuia mvua huandikwa kwa milimita. Maana yake ni urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kuubeba kabla matone hayajapenya. 1,500 ni kiwango cha chini. Kwa masika yetu tafuta 3,000 kwa paa, na zaidi ya hapo kwa sakafu, maana goti la mtu hulikamua turubai kwa nguvu kuliko mvua. Kagua kama mishono imebandikwa utepe kwa ndani.

Hewa ni muhimu sawa na mvua. Watu wanne wakilala, pumzi na jasho lao hutoa maji mengi, nayo hugeuka umande kwenye ukuta. Hema liwe na madirisha ya chandarua juu na chini, yanayoweza kubaki wazi hata mvua ikinyesha. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai itakushawishi ufunge kila tundu na kuingiza jiko la mkaa. Usithubutu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na humuua aliyelala bila kumwamsha. Ongeza blanketi.

Rangi pia si urembo tu. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukienda Tarangire au Mikumi, chagua kijani kilichofifia au rangi ya mchanga.

Kwa wanaonunua mitumba, Gikomba au Karume, fungua hema lote hapo hapo. Pitisha kiganja upande wa ndani wa paa: ukinata, na ukinusa harufu kali ya uchachu, utando wa kuzuia maji umeshaanza kuoza na hakuna dawa. Hesabu fito, unganisha kila moja, fungua na kufunga zipu zote mara kadhaa. Tundu la chandarua linashonwa. Zipu iliyokufa ni gharama.

Ukishanunua, lisimamishe nyumbani kabla ya safari, uani au kwenye kiwanja cha shule, na kila mtoto apewe kazi yake: mmoja vigingi, mwingine fito. Kisha limwagie maji kwa ndoo, uingie ndani na tochi. Panapovuja, paka dawa ya mishono siku hiyo hiyo. Na mkirudi kutoka kambini, lianikeni kivulini likauke kabisa kabla ya kulikunja, hasa mnaoishi pwani, ambako unyevu hulimaliza hema kabatini kuliko porini.

Wiki ijayo: magodoro, mablanketi na taa.