Namba ya Malipo: Isome Mwenyewe

Unakumbuka kitabu cha stakabadhi? Ulikwenda ofisini na fedha mkononi. Karani alizihesabu, akaandika kwa kalamu. Karatasi ya kaboni ilitoa nakala. Lakini karani mwovu aliweza kuiondoa kaboni. Wewe ulipewa stakabadhi ya shilingi 20,000, na kwenye nakala akaandika 2,000. Nani angejua?

Serikali ilianza zamani kutafuta mashine ya kusaidia hesabu zake. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965. Kazi haikwenda vizuri, na wataalamu walikuwa wachache. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye.

Mwaka 2017 ikaja njia ya namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Tuseme unataka leseni ya uvuvi. Kompyuta inatoa namba yenye tarakimu 12. Namba hiyo ni ya deni lako tu. Unalipa kwa simu, benki, au kwa wakala. Fedha haipiti mkononi mwa karani. Inaingia akaunti ya Serikali, na kompyuta inaandika yenyewe kwamba umelipa.

Mama mmoja hapa Kamanga aliniambia, "Mwalimu, mimi humpa kijana simu anilipie." Nikamwuliza, "Namba yako ya siri je?" Akajibu, "Hiyo nayo anaijua." Loo! Mama huyu anasoma vizuri kabisa. Tulikaa chini ya mwembe, akaigawa namba kwa tarakimu tatu tatu, akaiandika simuni na kuilinganisha na karatasi. Akalipa mwenyewe. Ujumbe ulipofika aliusoma mara mbili: jina la ofisi, kiasi, tarehe. Usiufute ujumbe huo.

Sokoni na mwaloni mambo ni tofauti kidogo. Mkusanya ushuru ana mashine ndogo ya POS. Inatoa risiti, lakini fedha taslimu bado imo mfukoni mwake mpaka aipeleke benki. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekwisha kuandika, zaidi ya mara moja, juu ya fedha za mashine hizo ambazo hazikufika benki. Kwa hiyo dai risiti, hata kama ushuru ni mdogo. Na mapato ya kijiji yakisomwa mkutanoni, uliza: zilizokusanywa ni ngapi, na zilizofika benki ni ngapi?