Istilahi za Kuotesha Miche Nyumbani

Neno "panda" ni neno zuri la Kiswahili, lakini katika vijitabu vya kilimo limetwikwa mzigo usio wake. Hutumika kwa kazi ya kutia mbegu udongoni; hutumika pia kwa kazi ya kuutoa mche kitaluni na kuuweka bustanini; na aghalabu hutumika kwa kazi zote mbili katika ukurasa mmoja. Mwenye shamba kubwa na mbegu za kutosha aweza kulivumilia kosa hilo. Mwenye pakiti moja tu, aliyoinunua kwa fedha za mboga za wiki nzima, hawezi. Makala haya yanakusudia kuzipitia istilahi za kazi hiyo hatua kwa hatua, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wajue lipi litumike wapi.

Mfano wa Soweto

Tuchukue mfano wa Soweto, yaani mtaa wa mjini Moshi, si ule mji mashuhuri wa Afrika Kusini. Huko juu mlimani, Kibosho, Machame na Marangu, kaya nyingi zina kihamba chenye migomba, kahawa na mboga. Mpangaji wa mjini hana kihamba. Ana baraza, ana upenu, na pengine ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, ambacho kuku wa jirani nao hukihesabu kuwa chao.

Masika ya Moshi ni ya Machi hadi Mei. Nyanya hazipatani na mvua nyingi, kwa kuwa maradhi ya ukungu huzishambulia; hivyo ni busara miche iingie bustanini mvua zikipungua, mnamo mwanzo wa Juni. Maadamu mche wa nyanya hulelewa kwa muda wa wiki nne au zaidi kidogo, mbegu hazina budi kutiwa udongoni mwanzoni mwa Mei, ilhali mvua bado ni kubwa. Hapo ndipo inapotokea haja ya kuziotesha penye hifadhi.

Sasa mpe mpangaji huyo karatasi isemayo: "Panda kwa nafasi ya sentimita 50. Vuna siku 75 baada ya kupanda." Nafasi hiyo ni ya miche, wala si ya mbegu. Akitii neno kama lilivyo, atafukia mbegu mojamoja katika ardhi iliyo wazi, na mvua itazichukua. Na siku 75 zahesabiwa tangu lini? Akianzia siku ya kutia mbegu, ilhali mwandishi alikusudia siku ya kuhamisha mche, hesabu yake itapotoka kwa mwezi mzima. Kosa ni la aliyeandika, lakini hasara ni ya aliyesoma.

Kila hatua na jina lake

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Upungufu ni wetu sisi tunaoyaacha.

Kazi ya kwanza ni kusia. Kusia mbegu ni kuzitia udongoni, kwa kuzinyunyiza au kuzipanga katika vifereji, kwa nia ya kupata miche. Neno hili limezoeleka katika maelekezo ya vitalu, nalo lafaa kutumika hata pale kitalu kinapokuwa kopo moja.

Kuota ni tendo la mbegu yenyewe. Kuotesha ni kazi ya mtu anayeiwezesha iote. Kutokana na mzizi huo twapata nomino uotaji, ambayo ni muhimu kwa mwenye fedha chache. Atwae mbegu 10, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, kisha azihesabu baada ya siku 7 hadi 10. Zikiota 6, uotaji ni asilimia 60, naye atajua asie nyingi kidogo kuliko miche anayoihitaji. Zile zilizoota hazitupwi. Hutiwa udongoni kwa uangalifu.

Miche ikisongamana, huja kazi ya kupunguza, yaani kung'oa iliyo dhaifu ili iliyobaki ipate nafasi na mwanga.

Kabla ya kutoka barazani, mche hutolewa juani kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hivi, na maji yake hupunguzwa. Wengi huiita kazi hii kukomaza miche. Sisi twaona kuzoesha ni bora zaidi, kwa sababu kukomaa kumezoeleka kwa tunda na nafaka, nako kwaweza kumfanya msomaji adhani kwamba angojee tu siku zipite. Anayeambiwa "zoesha miche jua" ajua papo hapo afanye nini.

Kazi ya mwisho ni kupandikiza. Wako wasemao kuhamisha, nao hawajakosea. Lakini hata sanduku huhamishwa. Kupandikiza ni kukitoa kitu chenye uhai mahali pake na kukiweka pengine ili kiendelee kuishi, na ndiyo maana waganga nao husema upandikizaji wa figo. Twashauri kuhamisha kutumike kwa mche utokao chombo kimoja kwenda kingine, na kupandikiza kutumike kwa mche uendao mahali pake pa kudumu. Kazi ya kuunganisha kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine ina jina lake, kubebesha, nalo lisichanganywe na haya.

Lipo pia neno la zamani, kuatika. Ni neno tamu, ila wengine hulitumia kwa kuotesha mbegu kitaluni na wengine kwa kupanda miche. Mfasiri akilitumia, na alifafanue.

Kwa hiyo, je, kupanda kutupwe? La. Kubaki kwa mbegu zitiwazo moja kwa moja mahali zitakapokulia, kama vile karoti, ambayo mzizi wake huharibika ikihamishwa.

Tahadhari juu ya neno "ndani"

Vitabu vingi vya bustani vimetoka katika nchi za baridi kali, navyo huagiza mbegu zioteshwe ndani ya nyumba. Huko sababu ni theluji na baridi. Moshi sababu ni mvua kubwa, jua kali la mchana na kuku. Mfasiri akiandika "ndani" bila kufikiri, msomaji ataweka kopo lake chini ya kitanda. Mbegu za nyanya zitaota hata gizani, lakini miche itarefuka kama uzi, ipauke na ianguke. Neno lifaalo ni barazani, upenuni au dirishani penye mwanga. Hapa mfasiri hana budi kuifasiri sababu, wala si neno peke yake.

Vyombo na maradhi

Mabwana miti wetu walipohitaji jina la mfuko mdogo wa nailoni wa kuoteshea mche, walilitwaa neno kiriba, ambalo asili yake ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Hilo ni tendo la kupigiwa mfano: neno la zamani limepewa kazi mpya, na kila mtu analielewa. Asiye na fedha za viriba atumie makopo, chupa za maji zilizokatwa, trei za mayai, au maganda makavu ya mgomba yaliyoviringishwa na kufungwa. Chombo kinachoshika maji kitobolewe chini, maji yasituame.

Udongo wenye maji yaliyotuama huleta ugonjwa wa kinyausi, ambao hulainisha shina la mche karibu na ardhi hata mche ukalala. Jina hili limetokana na kunyauka, nalo latosha. Hapana haja ya kuandika "ugonjwa wa kuanguka kwa miche". Kinga yake ni kutosongamanisha miche, kutozidisha maji, na kuumwagia udongo maji yanayochemka, kisha kuuacha upoe kabla ya kusia.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na ukuzaji wa istilahi ni miongoni mwa kazi zake. Lakini istilahi haiishi katika orodha. Huishi katika karatasi ya mbegu, katika daftari la mwanafunzi na katika kinywa cha bwana shamba. Twawasihi wafasiri wajiulize, kila wanapotaka kuandika "panda", ni mbegu au ni mche, na siku zahesabiwa tangu lini. Twawasihi walimu wafundishe kusia, kuzoesha na kupandikiza mbele ya kopo lenye udongo, si ubaoni tu. Yule mpangaji wa Soweto hana pakiti ya pili.